Elimu ya Kundi: Ainisho la Wasemaji wa WhatsApp, Kutoka Kasongo Hadi Kabambare

Elimu ya wadudu ina maprofesa wake, elimu ya mawe ina wake, na hata mavi ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani yana mabingwa wanaolipwa mshahara kila mwezi kuyachungulia. Lakini kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu 300 waliotapakaa Kasongo, Kabambare, Kindu, Kinshasa, Bujumbura na Ujiji, halijapata hata msomi mmoja wa kukaa chini na kuligawa mafungu. Makala haya yanaanza kuziba pengo hilo. Yataudhi baadhi ya jamaa, lakini elimu haina shemeji.

Tuanze na maandiko yaliyotangulia. Mwaka 1994 Virginia Shea alitoa kitabu kizima juu ya adabu za mtandao, na Oktoba 1995 Sally Hambridge, mfanyakazi wa kampuni ya Intel nchini Marekani, akatoa waraka unaojulikana kwa namba RFC 1855. Waraka huo ndio nguzo ya fani. Mengi yaliyomo bibi yeyote wa Kasongo angeyasema bila kuwasha kompyuta: ukikasirika lala kwanza, ujibu kesho, usiwe na maneno mengi, usimletee mtu mzigo mkubwa ambao hakuuagiza. Kuna shauri moja tu ambalo kwetu halitekelezeki. Hambridge anamtaka mgeni asome mazungumzo ya kundi kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika neno. Mgeni akifanya hivyo katika kundi la ukoo, wiki ya kwanza ataulizwa kama ni mgonjwa, ya pili kama ana kiburi, na ya tatu itasemwa waziwazi kwamba anakimbia mchango.

Ila katika waraka huohuo kuna sentensi ambayo wenye fani wa leo wameiruka. Hambridge anasema gharama ya ujumbe hubebwa na mtumaji na mpokeaji karibu sawasawa. Wanaotunga kanuni za makundi siku hizi wanakaa penye umeme usiozimika na mtandao usiohesabiwa. Kwao ujumbe ni bure, na unasomwa dakika ileile ulipoandikwa. Mkaaji wa Kabambare anayeunga mega kwa hesabu, na kuchaji simu kwenye kibanda chenye pano la jua, ni mtu wa 1995. Katika hilo yuko karibu zaidi na mwanzilishi wa fani kuliko hao wote. Kwa hiyo msingi wa ainisho langu ni vitu viwili: mega za mwenzio, na siku ambayo maneno yako yatamfikia. Herufi kubwa, stika za paka na nukta zilizosahauliwa nawaachia walimu wa shule ya msingi.

Jambo lenyewe hapa kwetu ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1870 David Livingstone alilazwa na vidonda vya miguu Bambarre, ndiyo Kabambare, akakaa miezi akisubiri watu, dawa na barua kutoka pwani. Barua nyingi alizotuma hazikufika, na nyingi alizotumiwa zilipotelea njiani. Alikaa na tiki moja ya kijivu, na huko nje watu wakaanza kusema amekufa, jambo analolijua kila aliyewahi kuzima simu siku nne. Karatasi zilipomwishia alichukua gazeti la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akalizungusha, akaandika shajara yake kukatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotokana na mbegu za rangi za huku huku. Maandishi yalififia hata ikabidi wataalamu waliokuwa pamoja na Adrian Wisnicki wayapige picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, mwaka 2010 na 2011, ndipo yasomeke. Humo mna habari ya watu waliouawa sokoni Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, tarehe 15 Julai 1871. Habari nzito namna hiyo, juu ya maandishi ya gazeti la London. Wenye kulalamika kwamba tangazo la msiba limeingia katikati ya mjadala wa mechi ya Maniema Union wajue kwamba mtindo huo una miaka zaidi ya 150.

Sasa mafungu. Wengine huwagawa wanakundi kwa tabia: mkimya, mbishi, mcheshi, mchungaji. Hayo ni mafungu ya bure, maana mtu mmoja huwa vyote vinne kabla ya adhuhuri. Mimi nawagawa kwa namna ujumbe unavyowafikia.

Wapo Watu wa Antena, wakaao mjini Kasongo au jirani na mnara wowote, ambao tiki zao hugeuka bluu upesi na kwa hiyo wanadhaniwa kuwa na muda mwingi kuliko walio nao. Wapo Watu wa Soko: wanalima mchele na mihogo mbali na mtandao, simu imezimwa ili kutunza chaji, inawashwa siku wanapobeba mzigo kwa baiskeli au pikipiki kwenda sokoni. Wapo Watu wa Shimo, wachimbaji wa dhahabu katika machimbo ya porini kuzunguka Salamabila, ambao huweza kupotea mwezi na zaidi. Hawa wana sheria yao ya pekee. WhatsApp huuhifadhi ujumbe usiofika kwa siku 30 tu, kisha huufuta. Mtu wa Shimo akikawia siku ya 31, ujumbe wa mwanzo umekwisha kufa bila yeye kujua kwamba uliwahi kuzaliwa. Naye mwenye kuutuma anaendelea kumnunia kwa kutomjibu. Nimejua ndoa moja iliyotikisika kwa siku hiyo moja.

Halafu wapo Watu wa Mbali. Wako Kinshasa, wako Buyenzi mjini Bujumbura, wako Ujiji ambako Wamanyema waliingia na misafara wakawa wenyeji, na siku hizi wako Brussels pia. Mega zao hazina mwisho. Kwao hutoka video nyingi kuliko zote na maoni mengi kuliko yote juu ya namna ya kutengeneza barabara ya Kasongo–Kabambare, ambayo baadhi yao hawajaipita tangu utotoni.

Mgawanyo huu unaeleza jambo ambalo wataalamu wa tabia wameshindwa kulieleza. Tuchukue mfano. Jumatatu kijana anatangaza kundini kwamba mzee amelazwa. Jumanne hali ni nzito. Jumatano mzee amefariki. Alhamisi amezikwa. Ijumaa kutwa ni mabishano ya hesabu za mchango. Jumamosi ni soko, na saa nne asubuhi Mtu wa Soko anawasha simu, anaiweka juu ya mfuko wa mchele, nayo inatetemeka pale hadi wateja wanageuka kuangalia. Kisha anaanza kusoma kuanzia juu, na kila anachokisoma anakijibu:

Saa nne na dakika mbili: «Mungu amponye mzee wetu haraka.»
Dakika ya tatu: «Mumupe maji mengi, na asilale peke yake.»
Dakika ya tano: «Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeshituka sana wandugu.»
Dakika ya sita: «Mazishi ni lini? Nitafute njia ya kufika.»
Dakika ya saba: «Aksanti sana kwa wote waliofika.»
Dakika ya nane: «Lakini hizi hesabu haziko sawa.»

Watu wa Mbali wanacheka, wanatuma vile vikatuni vya kulia machozi ya kicheko. Msomi hacheki. Kila jibu hapo ni sahihi kwa siku yake. Kilichokosa adabu ni barabara na antena. Naita msimamo huu Madhehebu ya Juu. Wapinzani wake, Madhehebu ya Chini, wanafungua simu na kusoma ujumbe wa mwisho tu, kisha wanajibu huo. Mwanadhehebu huyo, siku ileile ya soko, angeandika mara moja tu: «Hizi hesabu haziko sawa.» Amepunguza maneno kama Hambridge alivyoagiza, na ameingia msibani kwa kuuliza pesa bila pole. Miongozo yote ya kisasa inasema: soma hadi mwisho kabla ya kujibu. Mimi nakataa. Dua ya kupona iliyochelewa haijawahi kumwudhi mfiwa. Mjane huisoma, hunyamaza kidogo, na kumjibu: «Aksanti, baba. Alikwenda.»

Jaribio kubwa la nadharia hii lilifanywa na serikali ya Kongo bila kukusudia. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi baada ya karibu siku 20. Siku hiyo ya Januari kila mtu akawa Mtu wa Soko. Heri za mwaka mpya zilizoandikwa mapema mno, na zile zilizokwama kwenye simu, ziliingia pamoja na matokeo ya uchaguzi, pamoja na pole za watu waliokufa katikati. Hata mawakili wa Kinshasa walijibu «Heri na kwako» kwa mtu aliyekwisha kuuliza jambo jingine kabisa. Hakuna aliyecheka wakati ule.

Tugeukie salamu, ambazo ndizo zinazokula nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Hesabu ni rahisi. Kundi lina watu 300. Kila mmoja akisalimu mara moja, na kila mwingine akimjibu, majibu ni 89,700, na bado hatujaulizana bei ya mchele. Bahati njema Kasongo ni mji wa masheikhe, na fikihi ilikwisha kulitatua jambo hili karne nyingi kabla ya simu: kuanza salamu ni sunna, kuijibu ni wajibu, na anayesalimiwa akiwa ni kundi, akijibu mmoja wao wajibu umewaondokea wengine wote. Hiyo ndiyo faradhi kifaya. Kila mtu kundini anaijua. Hakuna anayeifuata. Sababu yake ni kwamba anayesalimu saa kumi na moja alfajiri ni mzee, naye hasomi majibu, anasoma majina. Anajua nani amejibu, nani hajajibu, na nani amejibu baada ya kula. Kwa hiyo katika kundi la ukoo faradhi kifaya imegeuka kuwa faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, jambo ambalo lingewashangaza maimamu wa madhehebu yote manne.

Mei 2022 WhatsApp ilileta alama za kuitikia, ili mtu agonge dole gumba pasipo kuandika. Vijana walishangilia. Je, dole gumba ni jibu la salamu? Masheikhe bado wanatafakari; mama zetu walitoa hukumu siku ileile, kwamba si jibu. Upande wa Wakatoliki, ambao wana jimbo lao la Kasongo tangu zama za Wabelgiji, mambo si mepesi zaidi: wao wana picha ya waridi yenye umande na maneno ya Kifaransa ya kuitakia familia asubuhi njema, kila siku, waridi lilelile. Ijumaa picha za msikiti nazo zinaingia. Kwa amani ya dini mbili zinazokaa vizuri mkoani Maniema, hapo sitasema zaidi, isipokuwa kwamba waridi lina uzito mkubwa zaidi wa mega kuliko maneno yaliyomo.

Sasa nafika penye utajiri wa fani, nami naomba nikae hapo. Ni orodha ya mchango.

Mtu akifa, au bibi akipelekwa hospitali Kindu, mmoja huandika kichwa cha habari na namba, kisha kila mchangiaji hunakili orodha nzima, huongeza jina lake chini, na kuirudisha kundini. Hivi:

KILIO CHA MZEE WETU
1. Yaya wa Kindu – 20.000 FC ✅
2. Shemeji wa Buyenzi – ahadi
3. Mama Mkubwa – mchele debe 1 ✅
4. Wajukuu wa Kinshasa – tunajipanga

Hadi hapo hakuna taabu. Taabu huanza watu wawili wanapoinakili orodha hiyo kwa wakati mmoja. Mmoja yuko Kabambare, mwingine Ujiji. Kila mmoja anaona mwisho ni namba 4, kila mmoja anajiandika namba 5. Zinaingia orodha mbili, zote za kweli, zote pungufu. Wa sita ananakili ile iliyoingia mwisho. Kuanzia hapo yule wa Kabambare hayumo, na vizazi vyote vya orodha vinavyofuata vinazaliwa bila yeye. Naye, akiwa Mtu wa Soko, analigundua hilo baada ya siku saba, pale orodha imefika namba 41.

Wenye kufuatilia hati za kale wanaijua hali hii. Karl Lachmann, Mjerumani aliyefariki 1851, ndiye anayetajwa zaidi kwa njia ya kupanga nakala za kitabu kama ukoo: hati mbili zikiwa na kosa lilelile, zimetoka kwa mzazi mmoja. Njia yake inafanya kazi kundini bila kubadilishwa hata kidogo. Ukiona orodha ambamo «Buyenzi» imeandikwa «Buyezi», ujue imetoka kwa binamu aliyenakili kwa kidole kwa sababu simu yake haikubali kunakili maandishi marefu, na orodha zote zenye «Buyezi» ni watoto wake. Nimewahi kuuchora ukoo wa namna hii juu ya karatasi kwa mchango mmoja wa harusi. Ulikuwa na matawi matatu, na tawi moja lilikuwa na bibi harusi mwingine, maana mtu alinakili kichwa cha habari cha mwaka uliopita.

Lachmann lakini hakuwahi kushughulika na pesa, kwa hiyo hakuona sheria ya pili. Kosa linalopunguza, yaani sifuri iliyoanguka na 20.000 ikawa 2.000, hugunduliwa na mwenyewe ndani ya saa moja hata kama hana mega, ataazima simu. Kosa linaloongeza huishi milele. Kuna jamaa ambaye katika kila orodha ya ukoo anasomeka ametoa maradufu ya alichotoa, kwa sababu mwaka fulani mtu fulani alirudia mstari wake. Naye hapingi, ila hushukuru.

Na kuna maneno ya pembeni ambayo si mchango wala si kukataa, ambayo mweka hazina hana pa kuyaandika. «Tuko pamoja.» «Niko barabarani.» «Mtandao wa kutuma pesa unasumbua.» «Nimemkabidhi kaka, atafikisha.» Kaka yupi? Ukoo mzima umejaa kaka. Wajuzi wa sheria watatambua humo ahadi, udhuru na hawala. Mweka hazina hutambua sifuri tatu. Dawa imependekezwa mara nyingi: mtu mmoja tu aiandike orodha, wengine wamtumie pembeni. Ni dawa nzuri, na hufanya kazi hadi pale mweka hazina anapokwenda shambani.

Juu ya vokali, yaani ujumbe wa sauti, nitakuwa mfupi, kwa sababu nina hukumu moja tu nayo itawachukiza wasomi wa mijini. Tangu sauti zilipoingia WhatsApp, Agosti 2013, wapo waliotangaza kwamba vokali ndefu ni utovu wa adabu. Huko kwao labda. Dakika moja ya vokali haifiki robo ya mega, na video iliruhusiwa kwa miaka kufika mega 16. Kwa hiyo shangazi anayeeleza kwa dakika tisa, pamoja na kuku wanaolia nyuma yake, kwamba mbegu ya mchele imefika, anamgharimu mwenzake chini ya mega mbili na nusu. Mjomba wa Mbali anayeweka video ya mhubiri asiyemjua, bila neno, ameinyang'anya familia saba chaji na mega za wiki. Zaidi ya hayo shangazi huyo anasikika na wale wasiosoma, ambao nao ni ukoo. Kinachohitajika ni kistari kimoja cha maandishi chini ya vokali: «ni habari ya mbegu, si msiba». Bila hicho, kila mtu anaifungua huku moyo unamdunda.

Ujumbe uliorushwa kutoka kwingine unataka elimu nyingine, na hapa tena Kasongo imejaliwa. Mwanafunzi wa hadithi hufundishwa kuuliza mapokezi: umeisikia kwa nani, naye kwa nani, na je, walionana? Kundini mapokezi ni maneno mawili, «nimepokea hivihivi», yaani silsila ambayo pete zake zote zimetoka. WhatsApp yenyewe ilianza kuutia alama ujumbe wa kurushwa Julai 2018. Mwaka 2019 ikazuia kurusha mahali zaidi ya 5 kwa mara moja. Aprili 2020, ule uliokwisha kupita mikono mingi, wenye mishale miwili, ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu. Kwa desturi ya elimu hiyo nami nagawa daraja tatu. Sahihi: «niko hapa, nimeona mwenyewe, ni leo saa tatu.» Dhaifu: «shemeji wa jirani ameona.» Na maudhui, iliyotungwa: herufi kubwa, redio ya nje isiyotajwa jina, na agizo la kuwarushia watu 10.

Hapa mzaha unapungua. Katika wilaya ya Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya imevuta wachimbaji na imevuta pia watu wenye bunduki, ujumbe wa «wanakuja» huhamisha kijiji. Watu hulala msituni na watoto, mvua ikinyesha. Aliyeuweka akigundua hakuna kitu, huufuta. Kufuta kwa wote kuliruhusiwa 2017. Kinachobaki kundini ni maneno «ujumbe huu umefutwa», yanayotisha kuliko ujumbe wenyewe. Na Mtu wa Soko, ambaye onyo la kweli la Jumatatu linamfikia Jumamosi, huikimbia hatari iliyokwisha kupita, pengine kuelekea kule ilikohamia. Ndiyo maana nashikilia kwamba onyo lisilo na siku, saa na jina la mahali ni kosa kubwa kuliko tusi. Sheria ya nchi nayo imeingia: Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu, na anayeipitisha vilevile. «Nimepokea hivihivi» haitoi mtu rumande.

Saa, kwa kuwa nimezitaja, zinatosha kuwa tasnifu ya mtu mwingine. Kinshasa iko nyuma ya Kasongo kwa saa moja. Ujiji iko mbele kwa saa moja. Wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili, wapo waliosoma shule wanaohesabu kwa Kifaransa. Tangazo la «mkutano saa mbili», bila kusema asubuhi au usiku, lina tafsiri 12 halali. Mikutano ya ukoo huwa na mahudhurio hafifu, na wazee wanasingizia vijana.

Simwachi Mwanahistoria, aliyemo katika kila kundi. Anza na bei ya sukari, anza na harusi. Kwa ujumbe wa tatu amefika kwa Tippu Tip. Hujibiwa na Msahihishaji, anayemkumbusha kwamba mji wa Tippu Tip ulikuwa Tongoni, si hapa ilipo Kasongo ya leo, na kwamba wanaakiolojia wamepachimba na habari zake zikatoka katika jarida la Antiquity mwaka 2020. Mwanahistoria husema babu yake hakuhitaji jarida. Kuanzia hapo sukari haitajwi tena. Nawapenda wote wawili. Mjadala wao unakwenda kwa maandishi matupu na haumgharimu mtu mega.

Limebaki suala la mamlaka. Kanuni ya WhatsApp ni kwamba admini wa pekee akitoka kundini, programu humteua mwingine yenyewe. Lakini haikuwaza kuhusu mto. Tuseme mzee aliyeanzisha kundi, aliyekataa miaka yote kugawa uadmini kwa sababu vijana hawana simile, anavuka Luama kwa mtumbwi, simu inaanguka na laini yake ndani. Hakutoka kundini. Namba yake ingali pale, ingali admini, iko chini ya maji. Kundi aliliweka kwa namna ambayo admini peke yake ndiye anayeingiza mtu na kumtoa mtu. Hakuna anayeweza kuingiza wala kufukuza, na yule binamu anayeuza dawa za nguvu anajua hivyo.

Kwa desturi, baada ya wiki kadhaa kijana mmoja hufungua Kundi la Ukoo 2. Hakuna anayethubutu kutoka katika la kwanza, maana mzee anaweza kurudi na kuona. Salamu zinatolewa mara mbili, waridi linaingia mara mbili, orodha ya mchango iko la kwanza na mweka hazina yuko la pili. Mzee mwenyewe hununua simu nyingine Kasongo, na namba nyingine, kisha anaomba kuingizwa katika kundi lake. Anaambiwa kwa heshima zote kwamba mwenye kumwingiza ni yeye. Basi anaingizwa katika la pili, mjumbe wa kawaida, namba isiyo na picha wala jina, na admini mpya, ambaye ni mjukuu wake, anaiona namba ngeni, anaandika mbele ya ukoo mzima: «Karibu. Jitambulishe.»